Kitambaa Kikavu cha Mama Sabuni

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza mama yetu, mimi ni mkamwana wake, mke wa kitinda mimba wake, na sikuzoea kusimama mbele ya watu, lakini mwenyewe aliagiza wasifu wake niusome mimi, basi mnivumilie.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Sabuni, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa pili kati ya watoto sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, na tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2019. Alifunga ndoa na fundi seremala tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wanne, na baba alitutangulia mwaka 2006.

Mwanangu alizaliwa tarehe 12 Februari 2018, kikonyo cha kitovu kikadondoka siku ya nane, lakini pale mahali hapakukauka, pakawa panatoa majimaji, mara mbili zahanati wakanipa dawa ya kupaka wakidhani ni usaha, nami nikajilaumu kwamba sijui kufunga nepi, wageni wakija namfunika mtoto. Siku moja Mama alichukua fulana ya mtoto kuifua, akainusa, akaja chumbani kwangu akasema, "Mwanangu, huu si usaha, ni mkojo, na nepi haina kosa, mimi mashuka ya wodi ya watoto nayajua." Akamlaza mtoto bila nepi, akaweka kitambaa cheupe juu ya kitovu, mtoto alipolia kitambaa kikalowa katikati, na kesho yake tukakipeleka pamoja na mtoto kwa daktari wa upasuaji, ambaye alicheka, "Mama Sabuni, udaktari umesomea wapi?" naye akajibu, "Kwenye beseni, sasa mpime mjukuu wangu."

Altrasaundi, na eksirei ya kibofu iliyopigwa kwa dawa ya rangi, zilionyesha mrija kutoka kwenye kibofu hadi kitovuni, ambao kila mtoto huwa nao akiwa tumboni mwa mama yake na kwa kawaida huziba kabla hajazaliwa, daktari akasema si uchafu wala kosa la mama, na Mama akamwomba ayarudie maneno hayo kwa sauti, nisikie vizuri.

Walitibu maambukizi kwanza, wakangoja kuona kama mrija utaziba wenyewe, haukuziba, na tarehe 11 Septemba 2018 wakauondoa, mtoto akakaa na mpira wa mkojo siku saba, na ulipotolewa Mama alikuja na sare yake ya kazini, akaweka kitambaa kilekile, mtoto akalia kwa nguvu zote, Mama akakiinua, kikavu, akazunguka nacho wodi nzima kama bendera. Tangu hapo wauguzi walikuwa wakimwita kitovu kikichelewa kukauka, na binti mmoja aliyegundulika hivyo yuko hapa leo na mama yake.

Mama alianza kusumbuliwa na moyo Januari 2025, akalazwa tarehe 20 Mei, akafariki asubuhi ya tarehe 6 Juni, akiacha watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wenzake wa chumba cha kufulia, waliofua mashuka yake wenyewe hadi siku ya mwisho.

Mama, mjukuu wako yuko darasa la pili, anaogelea kifua wazi na wenzake, nami simfuniki tena. Pumzika kwa amani, kitambaa bado ni kikavu.