Saini Moja kwa Kozi ya Madamu Charlotte

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kalundu, mlio Sange, hadi kule juu Lemera, songeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake ni Madamu Charlotte. Alifariki wiki mbili zilizopita, hapa Uvira, akiwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Mnivumilie mapema, kwa sababu leo ninaongea nikiwa na hasira. Nimejaribu mara mbili kukiandika kipindi hiki kwa upole. Imenishinda.

Shikeni jambo moja. Kwa miaka mitano Madamu Charlotte aliwafundisha wafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, kozi ya jiografia ya binadamu ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kozi ileile. Mtihani uleule. Na kwa miaka hiyohiyo mitano alitafuta saini moja. Saini moja tu.

Alizaliwa Lemera, kwa wakulima. Kaka yake Protais anamkumbuka hivi: "Yeye alikuwa anaulizaka tu. Tukishuka Sange na mihogo, anauliza, hawa bantu bote balitoka wapi? Mbona bamejenga kandokando ya barabara? Baba anamuambia, weye beba kitunga yako, acha maneno!"

Kitunga cha mihogo alibeba, maneno hakuacha. Maana maswali hayo ndiyo jiografia ya binadamu, wasikilizaji. Watu wanaishi wapi. Kwa nini pale, si pengine. Nini kinawahamisha. Charlotte alisoma hadi lisansi ya chuo kikuu, akaja Uvira kufundisha, akaolewa na Pontien, fundi wa mashini za mitumbwi kule Kalundu, kando ya ziwa.

Wanafunzi wake walipoenda chuoni walirudi kumsalimia, na alikuwa anawauliza wanasoma nini. Wanamwonyesha madaftari. Anakuta mambo ambayo wangeweza kuyasoma kwake. Basi akaenda kwenye chuo kimoja cha hapa mjini, jina lake naliacha, akaongea na mwalimu wa kozi ile. Wakapatana. Chuo kitatoa kozi na mtihani. Mwalimu wa chuo atasahihisha mwenyewe. Mwanafunzi atakayefaulu, akiingia chuoni, hatairudia kozi hiyo. Kilichobaki ni katibu wa masomo wa chuo kuweka saini kwenye liste ya majina. Hicho tu ndicho kilichobaki.

Mwaka wa kwanza walikuwa wanafunzi kumi na tisa. Ni mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yakaingia ndani ya nyumba za Kalundu. Madamu akawatuma huko wakaulize: kwa nini familia zilizopewa viwanja juu mlimani zinarudi kando ya maji?

Olive, mmoja wa wanafunzi hao, alirudi haraka na ukurasa mmoja. Aliandika kwamba watu wanarudi kwa ujinga. Madamu Charlotte akausoma, akamrudishia.

"Umeandika ile weye unafikiri," akamwambia. "Bantu ba Kalundu balikuambia nini?"

Olive hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Alisimama barabarani, akaangalia maji, akaandika. Akarudi Kalundu, mara hii akakaa chini na Mama Kaneza, muuza samaki, ambaye nyumba yake ilikuwa na maji hadi kwenye magoti.

"Mutoto yangu," Kaneza akamwambia, "mitumbwi inafika saa kumi na moja asubuhi. Minye nikilala kule juu, nitashuka na nini? Pikipiki ya saa ile iko bei gani? Samaki haipandake mulima."

Olive aliandika kurasa kumi na mbili. Mwalimu wa chuo akampa kumi na saba juu ya ishirini. Ananiambia kwamba tangu siku ile anaona aibu kila akisikia mtu akimwita mwenzake mjinga.

Kumi na tisa walifanya mtihani. Kumi na tisa walifaulu. Madamu akapeleka liste kwa katibu wa masomo. Akaambiwa, rudi wiki ijayo. Akarudi. Akaambiwa, muhuri hauko hapa. Akarudi. Akaambiwa, lete barua ya prefe, mkuu wa shule yako. Akaleta. Mwaka uliofuata akaambiwa barua hiyo imezeeka. Shule zikafungwa kwa sababu ya risasi, zikafunguliwa. Akapeleka dosie nyingine, faili zima. Katibu akabadilishwa. Katibu mpya akasema hajaona dosie yoyote, aanze upya. Akaanza upya, wasikilizaji! Mimi ningelia. Yeye alinunua bahasha nyingine.

Na Olive? Olive aliingia chuo hichohicho. Bila saini, ikabidi airudie kozi. Akakaa kwenye benchi kusikiliza mambo aliyoyajua. Siku moja msaidizi wa kozi alifika bila karatasi zake. Akaona daftari la Olive, lile la sekondari, akaliomba, akalisomea darasa zima kutoka mle. Mwisho wa mwaka, kwenye kozi hiyohiyo, Olive akapewa kumi na moja juu ya ishirini. Nimemuuliza mara mbili kama ni kweli. Ni kweli.

Habari za namna hiyo zinatembea. Wanafunzi wakaanza kusema, tutajisumbua kwa nini? Kumi na tisa wakawa kumi na saba. Kisha kumi na wanne. Kisha tisa. Mwaka wa tano walikuwa sita. Madamu akawafundisha hao sita kwa sauti ileile.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshika mguu wake. Pontien anasema: "Nilimuambiaga, Charlotte, achana nayo. Akaniambia, Pontien, ingekuwa yangu ningeacha. Hii ni ya batoto."

Mwezi wa sita alienda chuoni mara ya mwisho, akitembea na fimbo. Katibu akamkaribisha vizuri sana. Akamwambia, "Madamu, usijali. Kazi yako tunaijua." Alifika nyumbani, akavua viatu, akavirusha ukutani. "Banajua!" akapiga kelele. "Kama banajua, basinye!"

Hawakusaini. Madamu Charlotte akafariki.

Siku ya mazishi Bwana Katibu alikuja na gari la chuo. Akasoma hotuba. Akasema chuo kinajivunia kozi ile. Akasema, "tuliianzisha pamoja." Pamoja! Nilikuwa pale, wasikilizaji. Nilitazama udongo nisije nikasema neno.

Olive akasimama. Alikuwa na liste mkononi, miaka yote mitano, majina sitini na matano. Na kalamu.

"Bwana Katibu," akasema, "minye naitwa Olive. Niko namba ine hapa. Tunaomba usinye, mbele ya Madamu."

Katibu akatabasamu. "Binti yangu, hapa tuko kwenye msiba. Mambo ya biro tutayaongelea kule biro, ofisini."

Protais akamshika Olive mkono, akamkalisha. Walimpeleka Madamu kaburini. Baadaye, pale nyumbani, Bwana Katibu alienda kwenye meza ya daftari la rambirambi. Akajipapasa mfukoni. Hakuwa na kalamu. Akageuka, akaomba ya Olive. Olive akampa. Akaandika mistari miwili, akaweka saini, tarehe na cheo chake, akamrudishia kalamu na kusema asante.

Kwa Pontien, kwa Protais, kwa watoto na wanafunzi wote wa Madamu Charlotte, redio yenu inalia pamoja nanyi. Poleni. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe Madamu mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa kwenye biro yako, leo usizime redio upesi. Angalia mezani. Kuna karatasi ya nani hapo chini? Mwenyewe amekuja mara ngapi? Bado ana nguvu za kurudi?

Jana Pontien alinifungulia lile daftari la rambirambi. Saini ni nzuri, ndefu, inasomeka vizuri. Aliiangalia, akaniambia, "Haikumuchukua hata dakika moja."