Siku Umeme Ulipokatika Kabla ya Mpira wa Mwisho

Mheshimiwa Meya Ardith Solberg, Mheshimiwa Diwani Purcell na madiwani wenzako, Mchungaji Lindqvist, Mkuu wa Zimamoto, Bwana Harlan Dvorsky, mstaafu wetu, pamoja na mkeo Bi Neva aliyetukatia tikiti miaka yote hii, ndugu wageni waalikwa, na ninyi watoto wa safu ya mbele mlioanza kutafuna kabla hotuba haijaanza: hamjambo nyote?

Nimeombwa niseme machache ya kumuaga Bwana Dvorsky, mwenye sinema hii ya Kestrel Creek. Kwa nini mimi, daktari wa meno? Kwa sababu hakuna mtu mjini hapa aliyefaidika na peremende zake kuliko mimi. Nyumba yangu ina baraza jipya. Harlan, asante kwa baraza.

Lakini sikuja kuzungumzia meno. Nimekuja kusifu filamu za besiboli, zile za Jumamosi mchana, ambazo bibi, baba na mtoto wa chekechea wanaketi safu moja na hakuna anayelazimika kumziba mwenzake macho. Mnazijua. Timu ni mbovu, kocha amekata tamaa, mdakaji anauogopa mpira, na kuna mbwa. Lazima kuna mbwa, na lazima mbwa huyo aingie uwanjani. Tangu mwanzo tunajua kwamba yule dhaifu kuliko wote ndiye atakayeshika gongo la kupigia mpira mwishoni. Tunajua! Basi mbona tunabana pumzi? Mbona Mkuu wa Zimamoto, mtu mzima mwenye masharubu kama yale, hulia kila kiangazi na kusingizia vumbi?

Jibu langu ni kisa kimoja, na wengi wenu mlikuwemo.

Nilipoolewa na Emmett Kuhlman, daktari wetu wa mifugo, nilimkuta na binti wa miaka tisa, Bettina, aliyefiwa na mama yake. Bettina hakunitukana wala hakunikaidi. Alifanya jambo gumu zaidi: alinipa heshima. "Daktari, naomba chumvi." "Usiku mwema, Daktari." Nilikaa kwenye meza yangu mwenyewe kama mkaguzi aliyetumwa na serikali. Nilijaribu keki, nilijaribu baiskeli, nilijaribu kumsuka nywele. "Asante, Daktari, nimeshazizoea hivi."

Yeye na baba yake walikuwa wagonjwa wa besiboli. Mimi niliiona ni watu waliosimama kwenye nyasi wakisubiri basi. Jumamosi moja ya Julai ng'ombe wa mtu akashindwa kuzaa, Emmett akaitwa, akatuachia tikiti mbili. Nikaketi na Bettina hapa hapa, na kati yetu kiti kimoja alichokiwekea koti lake.

Basi yule mbwa alipoingia uwanjani na kuondoka na mpira, nilicheka mpaka bisi ikanipalia. Bettina akanipiga mgongoni, pu! pu!, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Usife, Daktari. Bado raundi ya mwisho." Koti likaondoka kitini, akahamia karibu ili, kama ningepaliwa tena, nisimsumbue kunyoosha mkono.

Nje mvua inanyesha, radi inanguruma. Raundi ya mwisho. Yule mtoto dhaifu kashika gongo. Mrushaji akainua mguu, mpira ukamtoka mkononi, na umeme wa mji mzima ukakatika.

Ndugu zangu, mmewahi kusikia giza likipiga kelele?

Bwana Dvorsky akapanda jukwaani na tochi. "Jamani, tulieni! Njooni Jumamosi ijayo, mtaingia bure."

"Harlan!" Ni marehemu Bi Opal Renner huyo. "Mimi nina miaka themanini na minane! Hiyo Jumamosi ijayo unanihakikishia wewe? Alipiga au hakupiga?"

"Sijui, Bi Opal. Mimi kazi yangu mashine, mwisho wake sijauona."

"Alipiga!" "Alikosa!" "Nyamaza we, ulikuwa unakoroma!"

Ndipo Bettina akasimama juu ya kiti. "Si tukaumalizie wenyewe!"

Bwana Dvorsky angeweza kutufukuza twende zetu. Badala yake akafungua mlango wa nyuma, akatazama uwanja ulio nyuma ya sinema, akasema, "Mvua imekatika. Neva, lete maboksi ya bisi." Maboksi manne yakawa vituo vinne vya kuzunguka, na watoto wakaleta gongo na mpira. Mheshimiwa Meya, enzi hizo bado katibu wa shule, akavua viatu akawa mrushaji. Mkuu wa Zimamoto akajitolea kuwa mbwa. Usiangalie chini, Mkuu, ulibweka vizuri sana.

"Sasa nani yule dhaifu?" akauliza Bwana Dvorsky. "Tunataka mtu asiyejua kabisa."

"Ninaye," akasema Bettina, na kuninyooshea kidole. "Daktari, wewe huwezi kitu. Unafaa kabisa."

Sikuwahi kusifiwa vile tangu niolewe. Akanipangia vidole kwenye gongo, kimoja kimoja. "Usifumbe macho."

Nikafumba. Nikapiga hewa. Nikapiga hewa tena, nusura niangukie matope. Mara ya tatu kitu kikalia *tk*, mpira ukabiringika hatua chache na kuzama topeni. Meya akaukimbilia, akateleza, akakaa chini kwa heshima zote.

"Lorna!" Ilikuwa sauti ya Bettina, ikitaja jina langu. "Lorna, kimbia! Mbona umesimama kama nguzo? Kimbia, we Lorna!"

Nilikimbia. Mbwa akanyakua mpira na kutoroka nao kuelekea kanisani, watoto nyuma yake. Nikazunguka vituo vyote, nikaingia cha mwisho kwa kidevu, na Bettina akaniangukia kwa juu, matope hadi masikioni, anacheka. Emmett akatufikia ametapakaa uchafu wa zizini, na bado alikuwa msafi kuliko sisi.

"Mnafanya nini?"

"Tunamalizia sinema, Baba. Lorna kashinda!"

Jumamosi iliyofuata tulijaa tena, Bi Opal akiwa wa kwanza. Na yule mtoto wa kwenye filamu? Alikosa. Timu ikafungwa! Kisha wale watoto wakarusha kofia zao juu na kumsukumia kocha wao mtoni.

"Wamefungwa," Bettina akaninong'oneza. "Mbona wamefurahi hivyo?"

"Labda walikuwa hawajawahi kuwa timu."

Akafikiri, akaniegemea begani, akaendelea kula bisi zangu. Nyuma yetu Bi Opal akasimama: "Yetu ilikuwa tamu zaidi!" Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Ndiyo maana nazipenda filamu hizi. Kwa saa mbili, watu wanaoombana chumvi kama wageni mezani huwa upande mmoja.

Sasa, Bwana Dvorsky, siku ile ulituambia mwisho hujauona, na Bi Neva amenithibitishia kwamba miaka yote hujawahi kuketi ukatazama filamu hata moja. Leo chumba cha mashine kimefungwa kwa ndani, na aliyemo ni Bettina, aliyekuja kutoka Omaha kutuonyeshea filamu ile tu. Keti, Harlan. Hapo katikati. Bi Neva, mshike mkono asitoroke.

Mheshimiwa Meya, wageni waalikwa, majirani zangu: nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Bettina, mwanangu, zima taa!