Korongo wa Oneida: Maisha ya Verlin Tidmore, 1947–2023

Marehemu Verlin Tidmore alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 karibu na Scottsboro, Alabama, mtoto wa tatu wa mzee Hoyt na mama Lessie. Shamba la babu yake lilikuwa limekwisha kumezwa na bwawa, hivyo Verlin alipenda kusema kwamba maisha yake yote alivua juu ya mahindi ya babu.

Alisoma hadi darasa la kumi. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ana akili, ila mwezi wa Oktoba haonekani. Alitumikia jeshi miaka miwili akitengeneza magari, kisha mwaka 1969 akafungua karakana ya injini za boti, aliyoiendesha hadi alipotimiza miaka sabini na mitatu. Kusema uongo hakukujua, na ndiko kulikomponza.

Tarehe 5 Juni 1971 alimwoa Oneida Pruett, muuzaji wa duka la chambo karibu na daraja. Walijaliwa binti mmoja, Tressie.

Tarehe 24 Oktoba 1992 kulikuwa na shindano kubwa la kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana anayetukosesha ibada. Wiki ile bwawa lilikuwa limejipindua, kama kawaida majani yanapoanza kupukutika: maji ya juu hupoa yakazama, ya chini hupanda na uvundo wake, na samaki hutawanyika. Wenzake walihangaika katikati ya bwawa, wengi wakarudi mikono mitupu. Verlin alikwenda hadi mwisho kabisa wa mkono wa bwawa uitwao Dry Branch, ambako kijito kilikuwa kinaleta maji mapya. Dagaa waliyafuata maji, besi wakawafuata dagaa. Akarusha chambo cheupe kwenye maji ya magotini. Akapata samaki watano, ratili ishirini na mbili.

Kwetu mshindi hupimwa kwa mashine ya kugundua uongo. Aliulizwa, "Kuna mtu aliyekuambia samaki walipo?" Akajibu, "Hakuna." Sindano ikaruka. Ushindi akapewa Royce Gentle, aliyekuwa wa pili, ambaye yeye na Verlin walikuwa chanda na pete.

Hapo familia tukachachamaa. Tulisema mashine ni mbovu, tena wengine wetu tulisema Royce ana mkono wake. Oneida aliapa kutomsalimu, na kwa miaka thelathini na moja alipita mbele yake kanisani akitazama dari. Verlin alinyamaza tu, wala hakushindana tena. Tulidhani ni uchungu, kumbe ni aibu.

Julai 2023 alikutwa na saratani ya kongosho. Kifo hakikumtisha kama kufa na jambo lile moyoni. Tarehe 21 Oktoba alimpigia Royce simu, wakaenda Dry Branch, mgonjwa akiwa na blanketi mapajani. Waliyosemezana Royce ametusimulia.

"Royce, mashine haikukosea. Asubuhi ile Oneida aliniambia kaona korongo wamejazana huku. Penye korongo pana dagaa. Nilipoulizwa, nikaona nikimtaja nimekwisha."

Royce akaacha kuvuta uzi. "Korongo? Hata mimi aliniambia, bwana. Alimwambia kila aliyenunua kahawa pale dukani. Tukamcheka, tukaenda zetu katikati."

"Acha utani."

"Sheria inakataza kunong'onezwa. Lililotangazwa kaunta ni la wote. Ungesema tu 'mke wangu', ungeondoka na kombe lako. Zuzu we."

Verlin alicheka hadi akakohoa, kisha akalia bila kujificha. Royce akamrudisha nyumbani, na Verlin akamweleza mkewe yote palepale jikoni.

Oneida alitua sufuria ya maharagwe. "Verlin Tidmore. Yaani nimemnunia mtu wa watu miaka thelathini na moja, kwa sababu wewe ulishindwa kutamka jina langu?"

"Ndiyo, mama Tressie."

Akamgeukia mgeni mlangoni. "Royce," akasema, "vuta kiti. Mkate wa mahindi bado wa moto."

Verlin alianza kulala usingizi mzito, jambo ambalo dawa zilikuwa zimeshindwa kumpa. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 17 Novemba, saa moja asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Aliagiza jambo moja lichapwe humu kwa herufi zinazosomeka: samaki wale watano ni wa Oneida.

Ameacha mjane, Oneida. Binti, Tressie, na mumewe Dwight. Wajukuu wawili, Kendra na Hoyt. Na dada yake Ocie, anayesoma wasifu huu. Royce Gentle ameketi safu ya familia kwa amri ya mjane, na asiyependa amwone mjane mwenyewe.

Hapa duniani Verlin alipata siku ishirini na saba za amani kamili. Mungu amwongezee zisizo na hesabu.