Ndege Hawaogopi Mtu Anayewaza

Assalaam alaykum mama zangu, baba zangu na wanakikundi wote. Mwenyekiti amenisimamisha ghafla kwa sababu ananijua. Angenipa muda, ningeanza kuuliza kwa nini mimi, kwa nini leo, na ushuhuda unamsaidia nani hasa. Mie watu wa ushuhuda huwa nawatilia shaka. Mtu anasimama, anasema alikuwa chini na sasa yuko juu, anapigiwa makofi, chai inaletwa, halafu anarudi nyumbani yuko chini vilevile. Kwa hiyo nikisema jambo lisiloingia akilini, nikatizeni. Sitakasirika.

Ugonjwa wangu hapa Kibiti haukuwa na jina. Sikuwa na homa, sikukonda, chakula nilikula. Nilikuwa siwezi kuandika. Namwona mama mmoja pale anacheka. Cheka tu mama, nisingekuwa mimi ningecheka na mie. Mtu amesoma tangu hajang'oka meno ya utoto, akaenda chuo kikuu, akarudi tena kutafuta shahada ya pili, leo anasema hawezi kuandika! Ni kama fundi cherehani anayeogopa sindano.

Shahada ile hupewi mpaka uandike tasnifu, kazi ndefu ya utafiti wako mwenyewe. Yangu ilihusu mashamba ya mpunga ya kwetu Maparoni, yale yaliyoachwa yakaota majani. Kwa nini watu waliyaacha? Nilizunguka delta na boti nikiwahoji watu, na baadhi yenu mliomo humu mlinihoji mimi kuliko nilivyowahoji nyie. Maneno yote nilikuwa nayo. Ilibaki kukaa na kuandika.

Nikakaa. Nikaandika: "Wakulima waliacha mashamba kwa sababu ya maji ya chumvi." Nikaitazama ile sentensi, nayo ikanitazama. Una hakika? Wote? Yule mzee aliyesema wanawe wamekuja Kibiti kuendesha bodaboda, naye aliondolewa na chumvi? Nikafuta. Nikaandika: "Baadhi ya wakulima." Baadhi gani? Nikafuta. Nikaanza na historia ya mto, nikajiuliza historia ya mto inamhusu nani. Nikafuta. Jioni ukurasa ulikuwa mweupe kuliko asubuhi, maana asubuhi ulikuwa na jina langu, na jina nalo nililifuta nikidhani maandishi yake ni makubwa mno.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna adui aliyewahi kunisumbua kama mimi mwenyewe. Tangu utotoni nimesifiwa kwa kuuliza maswali. Walimu walinisifu, chuoni wakanipa alama kwa ajili yake. Hakuna aliyeniambia kwamba maswali yakikosa wa kuulizwa, yanamgeukia mwenyewe na kumla.

Nilipanga chumba jirani na stendi. Nakaa mezani, nainuka. Nilipiga pasi nguo zote, zikaisha, nikapiga pasi mapazia. Nikitoka nje, mwenye nyumba ananiuliza, "Dada, bado tu?" Bado tu. Msimamizi wangu wa chuo mwanzoni aliniandikia barua pepe ndefu zenye ushauri. Zikawa fupi. Ya mwisho ilikuwa na neno moja: "Nasubiri." Kisha chuo kikanijulisha kwamba nisipowasilisha kabla ya muhula kufungwa, nafutwa. Hakuna kuongezewa tena. Miaka yote ile, na mpunga wote ambao mama aliuuza ili nisome, halafu nirudi mikono mitupu.

Mama alisema nimepigwa jicho la hasidi. Nikamwambia jicho halifuti sentensi, anayefuta ni mimi. Akasema, "Na anayekufutisha ni nani?" Nikafuatana naye kwa maalim. Maalim akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha kwa marashi, akanipa kombe ninywe.

Nikamuuliza, "Maalim, kama shida yangu ni maneno kutotoka, mbona tunaingiza mengine?"

Maalim akacheka mpaka akashika ukuta. "Kunywa, mwanangu. Maswali yataendelea hata tumbo likishiba."

Nikanywa. Njiani mama akawa ananitazama kama chungu kilichoko jikoni.

"Imekuja?"

"Nini, mama?"

"Hiyo tasnifu."

Haikuja. Au haikuja siku ile. Mama yuko hapa, atanisuta nikisema haikuja kabisa.

Muda mfupi baadaye mama akarudi Maparoni, kisha akanipigia simu. Mpunga umeanza kutia maziwa, ndege kwelea wameingia shambani, na dada yangu anayemsaidia kuwafukuza kila mwaka amejifungua. Nikafurahi, na si kwa ajili ya mtoto tu. Nilijisemea: kule kuna dungu. Nitakaa juu ya kile kibanda cha miti katikati ya shamba, hakuna stendi, hakuna mwenye nyumba wala mapazia. Nitapata utulivu, nitaandika. Nikapanda boti Nyamisati na kompyuta yangu nimeikumbatia ndani ya mfuko wa nailoni.

Nyie mnaolima mmeshaona kosa langu. Naona mnavyotazamana.

Asubuhi ya kwanza nilikaa dunguni kimya. Utulivu ulikuwepo kweli. Mikononi nilikuwa na kamba ya makopo ya kutishia ndege, nimesahau kuivuta, nawaza sentensi ya kwanza. Mara kivuli kikapita, nikadhani ni wingu. Lile wingu likatua kwenye kona ya shamba la mama.

Mama alipoleta uji, akaingia kwenye ile kona, akashika suke, akaliminya. Hakuna kitu, ganda tupu.

"Ulilala?"

"Hapana mama, nilikuwa nawaza."

"Ndege hawaogopi mtu anayewaza," akasema, akaniachia uji na kwenda zake. Hakugeuka. Afadhali angenipiga.

Dunguni watu hawanyamazi. Wanaimba, wanatukanana, wanauliza habari za ndoa kutoka shamba moja hadi jingine, kwa sababu sauti ndiyo silaha. Ukinyamaza, ndege wanakula kwako, wakishiba wanahamia kwa jirani, na jirani hakusamehi. Jirani yangu alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Utani wa mabinamu mnaujua.

"Mchumba!" akaniita toka dunguni kwake. "Mbona kimya? Au kwa wasomi ndege mnawatumia meseji?"

"Niache!"

"Siwezi kukuacha, bado hata sijakuoa! Hebu piga kelele, wakwe watasema nimechukua bubu!"

Sikuwa na cha kupigia kelele. Nyimbo za dunguni nilishazisahau. Akaniuliza chuoni nasomea nini, nikamwambia mashamba yaliyoachwa na maji ya chumvi. Kisha akacheka kicheko kilichoinua ndege wa mashamba yote mawili.

"Digrii ya chumvi! Haya, nikupe digrii bure. Maji yakipanda, chumvi inaingia. Maji yakishuka, chumvi inatoka. Waliokimbia ni wavivu! Nipe cheti!"

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kusikia mtu akikosea kwa sauti kubwa hivyo, tena akiwa na furaha. Nilisimama. Dungu likatikisika.

"Haitoki! Ingekuwa inatoka yenyewe, mbona shamba la babu halioti mpunga mpaka leo, na mafuriko yamepita mara ngapi?"

"La babu halikulimwa!"

"Lililimwa! Wajomba zako walilima misimu mitatu, mche ukawa unaungua ncha! Niliwahoji!"

"Na waliobaki? Mbona hapa tunalima? Chumvi inachagua ukoo?"

Mama mmoja wa dungu la mbali, ambaye sikujua hata kama anasikia, akapaza sauti, "Mjibu, binti! Usimwachie!"

Nikamjibu. Nilimweleza juu ya mkondo uliohama, maji baridi ya mto yanakofika na yasikofika, nani alisema nini na wapi. Akapinga, nikapinga, nikivuta makopo kila nikifika kwenye hoja. Hakuna kwelea aliyethubutu kutua.

Jua lilipokuwa kali ndege wakaenda kivulini, na binamu akalala. Mie vidole vilikuwa vinawasha. Nikafungua kompyuta nikaandika: "Wapo wanaosema kwamba walioacha mashamba ya delta ni wavivu." Nikasubiri ile sauti yangu iniulize kama nina hakika. Haikuuliza. Ingeuliza nini? Sentensi haikuwa yangu, ilikuwa ya binamu. Sina haja ya kuifuta, nina haja ya kuipiga. Ya pili ikaja kuipiga, na ya tatu nayo. Chaji ilipokwisha nilikuwa nimeandika kurasa.

Ndivyo tulivyokwenda. Asubuhi na jioni tunabishana, adhuhuri naandika. Na msidhani nilishinda kila siku. Siku moja binamu aliniuliza, "Kama ni chumvi peke yake, mbona wenye vijana wa nguvu walihamia upande wa juu wakaendelea kulima, na wasio nao ndio walioacha?" Ilinibidi niandike sura nzima ya vijana walioondoka, ambayo sikuwa nimeipanga. Ndiyo sura ambayo watahini waliisifu.

Wala sikupona mara moja kama wanavyopona watu kwenye shuhuda. Binamu alipokuja huku Kibiti kutengeneza pikipiki, mie niliyebaki dunguni nilikauka tena. Nikafuta asubuhi nzima. Mwishowe nikampigia simu.

"Binamu, nikosee kidogo."

"Nikukosee nini?"

"Sema chochote kuhusu chumvi. Ukosee tu."

"Mchumba, unaumwa wewe," akasema. Lakini alikosea, Mungu amlipe.

Niliwasilisha kabla muhula haujafungwa. Siku ya kuitetea kazi yangu, mtahini mmoja aliniuliza kama hoja yangu, hata na ile sura ya vijana, haipuuzi nguvu kazi. Nikajibu. Mwenyekiti wa kikao akaniomba kwa upole nipunguze sauti, wao wako mezani palepale. Nilikuwa naongea kama niko dunguni. Nimefaulu, alhamdulillahi, kwa marekebisho. Marekebisho mawili sikubaliani nayo, na nimeshawaandikia.

Nimshukuru mama, ambaye kona yake ililiwa na bado alinipikia uji. Nimshukuru msimamizi wangu kwa kusubiri, na maalim kwa kombe. Mama anasema ni kombe lililofanya kazi, lilichelewa tu. Mie nilikunywa kwanza, nikaandika baadaye, siwezi kuthibitisha kwamba si kombe. Siku hizi hilo nalo naliandika tu na kuendelea.

Mkiniuliza nimejifunza nini, sitawaambia muache shaka. Mie sijaiacha na sitaiacha. Nawaambia msijifungie nayo chumba kimoja. Itoeni nje, muipandishe juu, muipigie kelele mbele ya mtu ambaye hatawaonea huruma. Ukikaa nayo kimya, itakula shamba lako na wewe umekaa katikati yake.

Nimemaliza. Ila binamu yangu amekaa pale karibu na mlango, tangu nianze anatikisa kichwa. Chumvi haitoki yenyewe, binamu. Haya, simama ubishe.