Hodi ya Ijumaa Alasiri

Sogeeni, wanangu, Mbaruku na Adija, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Nyumba hii ya Dunda ni yenu wote wawili, minazi ya Mlingotini ni ya Adija, na Salumu aliyesogeza mpaka wa shamba langu asiguse jeneza langu. Hayo yamekwisha. Linalonikera ni mlango.

Miaka yote nawaeleza habari za Makuhani wa Falaki, nanyi mnanitazama kama mtu anayeweweseka. Redio iliposema watu wamekanyaga mwezi, mkashangilia mtaa mzima. Mimi nikasema makuhani wale wameshapita huko zamani, wanatawala nyota kwa nyota na wafalme wa huko wanawapigia magoti, na kwamba merikebu za makuhani haziruki bila pumzi ya mtoto aliyefungiwa ndani akizisomea dua. Mkacheka. Kaka yangu Ausi hakucheka walipomchukua.

Sheria yao ni moja: hawaingii nyumba bila kukaribishwa, na wakishaingia huondoka na yule anayewapa mkono kwanza, mmoja tu, kisha hawarudi mpaka kizazi kingine. Basi kigumu nini hapo? Kunyamaza tu. Lakini sisi watu wa Bagamoyo mtu akisema hodi, ulimi unajibu wenyewe. Marehemu mama alijibu huku anakuna nazi, Ausi akakimbia kumwamkia mgeni kama alivyofunzwa. Katika kizazi chenu akaenda Mwishehe, mdogo wenu, kitinda mimba wangu, kwa sababu mama yenu aliona haya kumwacha mtu juani. Na juzi, nimelala hapa hapa, namsikia Mbaruku, mtu mzima, karani wa serikali, anamwambia mgeni asiye na kivuli, karibu Ijumaa baada ya alasiri, tunywe kahawa. Kahawa, Mbaruku! Nimewachoka, wanangu, nawapenda lakini nimewachoka.

Mliniuliza kwa nini nimeng'ang'ania kitanda kiletwe hapa ukumbini, mlangoni kabisa, watu wapite wakiniruka miguu. Leo ndiyo Ijumaa. Adija, mtie mwanao Sihaba chumba cha ndani ukae naye, mtoto yule ana adabu mno, ataukimbilia mkono wa mgeni. Mbaruku, kahawa upike, ulishaahidi, usinitie aibu.

Mungu awape riziki ya halali, awape na subira ambayo mimi sikuipata kwenu. Wajukuu zangu muwafunze kuchungulia kabla ya kujibu. Msinililie kwa kelele.

Nyamazeni. Mmesikia? Ndiyo hiyo… hodi ya pili. Asiinuke mtu ila wewe, Mbaruku: fungua mlango, kisha rudi nyuma yangu, mikono yako iweke mgongoni… hivyo. Mkono wangu mzito, lakini unanyanyuka.

Karibu, Kuhani. Karibu ndani… mimi ndiye wa kwanza. Nipe mkono. Pumzi yangu… ndiyo hii iliyobaki. Kama inatosha kurusha merikebu… irushe.