Mwalimu Gershom Mwamuye na Maana za 'Let'

Marehemu Gershom Mwamuye alizaliwa Rabai tarehe 4 Machi 1924, mtoto wa pili wa mzee Erastus Mwamuye na mama Kanze. Alisoma shule ya misheni papo hapo Rabai, akatoka hodari wa Kiingereza na mvivu wa jembe, jambo ambalo mamake hajaacha kulisema mpaka leo.

Mwaka 1949 aliajiriwa karani katika kiwanda kimoja cha magunia, Changamwe. Mwaka 1952 alifunga ndoa na Nyamvula, wakajaliwa watoto watatu, wakajenga Mikindani.

Mnamo 1958 jirani yao Matano, mpakizi wa kiwandani humo, aliitwa na meneja akaambiwa, "We must let you go." Matano alishukuru, akarudi nyumbani akifurahia likizo. Jumatatu alipokwenda kazini, akamkuta mtu mwingine mahali pake. Marehemu hilo lilimkaa rohoni. Wiki hiyohiyo alianzisha darasa la Kiingereza barazani kwake, na kwa mwezi mzima akafundisha kitenzi kimoja tu, 'let': kuruhusu, kuacha, kupangisha nyumba, na kumwachisha mtu kazi kwa maneno matamu. Nyamvula alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Agosti 1961 mwenzao mmoja kiwandani alifariki, wafanyakazi wakaomba ruhusa ya kwenda kumzika. Meneja akajibu, "I will let you go."

"Tumefukuzwa!" wakapiga kelele wafanyakazi waliokuwa wanafunzi wa Marehemu mwenyewe. Mawe yakaokotwa. Askari wa langoni wakainua virungu.

Marehemu alitambua kwamba wameishika maana moja, nyingine wamezisahau. Akaenda kusimama katikati.

"Tupeni mawe chini, ndugu zangu. Hapa maana yake ni ruhusa."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Ninayo. Nikikosea, nipondeni mimi kwanza."

Kisha akamgeukia meneja, akamtaka aseme tena kwa neno jingine. Meneja, jasho likimtiririka, akasema kwa Kiswahili chake: "Enda zika. Kesho rudi kazi." Mawe yakaanguka. Alasiri hiyo walimzika mwenzao, wote.

Mapema mwaka huu Marehemu alianza kuugua figo, akalazwa mara mbili. Darasa akamkabidhi mkewe. "Bendera ya Uhuru mtaniangalilia nyinyi," alimwambia, bila kinyongo. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, 1 Desemba 1963, siku chache kabla ya Uhuru.

Ameacha mamake Kanze, mjane Nyamvula, na watoto Philister, Erastus na Ngala. Jumanne ijayo darasa litakuwapo palepale barazani, Nyamvula atafundisha.

Mungu ampe mapumziko mema. Lala salama, Mwalimu.