Mchezo wa Shamba Wakataa Kufunguka kwa Koh Akiong

Jumapili saa tatu na nusu asubuhi, benchi la nje ya duka la kahawa la Koh Akiong, hapa Pontianak, lilikuwa limeshajaa. Huku alikaa Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Kule alikaa Radio, fundi wa injini za boti, asiyezimika. Katikati yao Syarwani kainamia kimashine chake cha michezo, kile cha mfumo wa Linux, cha kushika mkononi. Kila Jumapili saa nne mkewe Lestiana, anayetunza wazee ng'ambo huko Taichung, hupata saa mbili za kupumzika. Naye anacho kimashine kama hicho, basi mtu na mkewe huingia kulima shamba moja la mchezoni. Huu ni mwaka wa pili wanalima. Leo Syarwani kabonyeza kuanza, kioo kikawa cheusi, kikarudi pale pale. Kabonyeza tena. Yale yale.

— Kimechoka hicho, alisema Radio. Kitumbukize kwenye mchele.

— Hakijaingia maji, Bang, alijibu Syarwani, maana Radio ni kaka mkubwa kwake.

— Nani kataja maji? Mchele unavuta uchovu. Mgonjwa haulizwi uji!

Koh Akiong akaleta kahawa na ndizi za kukaanga, asiondoke.

— Mchezo huo uliandikiwa kompyuta za kawaida, si Linux. Katikati pana mkalimani. Wiki hii kimashine hakijajisasisha?

— Alhamisi, Koh.

— Basi kimeleta mkalimani mpya, hawaelewani. Mrudishe wa zamani.

Maneno ya mtu mzima hayo. Syarwani akaingia kwenye mipangilio, akachagua toleo la zamani. Kioo cheusi. Akakiamuru kihakiki mafaili ya mchezo, yote mazima. Akakizima kabisa, akakiwasha. Kioo cheusi. Saa nne kasoro tano.

— Jaribu mchezo mwingine, alisema Koh.

Akafungua wa mpira. Ukawaka papo hapo, uwanja mzima unashangilia.

— Ndipo nilipotaka mfike, alisema Profesa. Tatizo ni Ikweta.

— Ikweta imefanya nini, Pak?

— Si inapita mjini kwetu? Shamba lina majira, mpira hauna. Kimashine kinajiuliza: niko kaskazini au kusini? Mshika mbili moja humponyoka.

— Lakini nimelima hapa hapa mwaka mzima!

— Kilikuwa hakijajua.

— Basi tukivushe mto Kapuas, alidakia Radio. Boti ninayo, mafuta yamo.

Na Syarwani, mtu mwenye diploma ya umeme, akajikuta anainuka.

— Samahani, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa dada mmoja mgeni, kavaa nguo za baiskeli, anasubiri kahawa yake ya barafu.

— Mchezo umeuweka ndani ya mashine au kwenye kadi ya kumbukumbu?

Radio akamtazama Profesa. Profesa akatazama kahawa yake.

— Kwenye kadi, Mbak, alijibu Syarwani. Ndani palijaa, nikauhamisha juzi.

— Na kadi uliiandaa wapi?

— Kwenye kompyuta ya kazini.

— Ndiyo hiyo. Imepangwa kwa kompyuta zile. Linux inaisoma, lakini mchezo ukitaka kuweka mambo yake humo, unakwama. Urudishe ndani. Baadaye kadi uiandae upya kwa kimashine chenyewe.

Ili mmoja uingie, ilibidi mwingine utoke. Syarwani akaufuta wa mpira.

— Kombe letu! alilia Radio.

Uhamisho ulichukua dakika ishirini na mbili. Mstari wa kiooni ukajivuta kama konokono, na benchi zima likautazama. Saa nne na dakika ishirini na tano, wimbo wa shamba ukalia. Walipogeuka kumshukuru yule dada, alikuwa ameshaondoka.

Lestiana alikuwa kasimama langoni mwa shamba, humo mchezoni. Matuta yake kayamwagilia, na ya mumewe pia.

— Bang! ilitoka sauti yake kwenye kimashine. Nimedhani umepata ajali. Nimekupigia mara nne!

Syarwani akapapasa mezani. Simu ilikuwa chini ya sahani ya ndizi, imezimwa sauti.

— Mchezo uligoma, Dek. Tumehangaika karibu saa nzima. Mkalimani, mafaili, kadi, tulibakiza kidogo tuvuke mto.

— Wewe na nani?

— Mimi, Pak Profesa, Bang Radio na Koh.

— Watu wanne.

— Wanne.

— Na katika wote wanne, hakuna aliyefikiria kunipigia simu, walau tuzungumze?

Syarwani akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Radio. Koh Akiong akakusanya vikombe, vilivyoisha na visivyoisha, akaingia navyo ndani.